Mwongozo kamili: modi za kufuatilia nyota kwenye maunti ya darubini, kwa sisi tulio karibu na ikweta

Wakuu, swali linalorudi ni lilelile: "nimenunua maunti (kile kishikilio kinachobeba na kugeuza darubini au kamera) yenye mota, nimeiwasha, mbona nyota kwenye picha bado zinatoka mistari?" Ukimwambia mtu akutumie picha ya setingi zake, mara nyingi unakutana na moja kati ya haya matatu. Modi ya Mwezi imebaki tangu jana, au rimoti inaamini yuko kaskazini ya dunia wakati yeye yuko Mwanza, au saa imeingizwa ile ya Kiswahili. Maunti yenyewe nzima kabisa. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi ameandikiwa mtu wa Ulaya au Marekani, yanaanza na "tafuta Nyota ya Kaskazini", na hiyo nyota huku kwetu iko chini ya upeo au imelala kwenye vumbi na miti ya jirani, sa unaanzia wapi?

Humu nimeandika kwa mtu wa Dar, Nairobi, Arusha, Mombasa, Bujumbura, Kampala, yaani yeyote aliye ndani ya nyuzi 10 hivi za ikweta. Fuata kwa mpangilio, usiruke hatua, kwa sababu kila hatua inategemea ile ya nyuma yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla jua halijazama

- Maunti yenye mota pamoja na rimoti yake, au app yake kwenye simu.
- Umeme wa kutosha. Volti 12 thabiti, betri iliyojaa. Mota ikikosa nguvu haikwambii, inaruka hatua kimyakimya alafu wewe unalaumu modi.
- Pimamaji, ile ya fundi seremala inatosha kabisa.
- Dira. Ya simu inafaa, ila ingia kwenye setingi zake uwashe kaskazini halisi badala ya kaskazini ya sumaku, na usiipime ukiwa umeigusisha na maunti maana chuma kinaivuruga.
- App ya ramani ya anga kama Stellarium.
- Lenzi ya jichoni yenye nguvu, milimita 10 au chini ya hapo. Ikiwa na msalaba ndani, safi sana.
- Tochi nyekundu, na daftari. Daftari sio pambo, utaliona kazi yake mbele.
- Kama unalenga Jua, filta ya Jua ya kufunika mdomo wa mbele wa darubini. Bila hiyo ile sehemu ya Jua iruke yote, hakuna njia ya mkato hapo.

## Hatua ya 1: Jua maunti yako inatembeaje

Ziko aina mbili na kila kitu kinachofuata kinategemea uko na ipi.

Alt-Az inakwenda juu-chini na kushoto-kulia. Ili ifuate nyota lazima mota mbili zifanye kazi pamoja muda wote, na kompyuta yake inapiga hesabu kila sekunde. Kwa hiyo ukiidanganya kuhusu muda au mahali, hesabu yote inaharibika.

EQ ina mhimili mmoja ulioinamishwa kuelekea ncha ya anga, yaani pale ambapo anga lote linaonekana kuzungukia. Ukishaulaza sawasawa, mota moja tu inazunguka kwa mwendo mmoja na nyota inakaa palepale. Zile treka ndogo za kamera, mfano Star Adventurer, nazo ni za kundi hili.

Ukifungua menyu ya kufuatilia kwenye rimoti za Celestron NexStar utakuta sehemu mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya. Mode ndiko unakochagua Alt-Az, EQ North, EQ South au Off, yaani maunti imekaaje na iko upande gani wa dunia. Rate ndiko unakochagua Sidereal, Lunar au Solar, yaani unafuata nini. Ukisikia mtu anasema "nimeweka modi sahihi" muulize ni ipi kati ya hizo mbili.

## Hatua ya 2: Muda, tarehe na mahali

Hapa ndo wengi wanaangukia.

Saa. Rimoti inataka saa za kimataifa. Saa tatu usiku ni 21:00, sio 3:00 wala 15:00. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini kichwa kinachowaza Kiswahili siku nzima kikichoka usiku kinaandika kile kinachokiwaza. Soma saa ya simu ikiwa kwenye mfumo wa masaa 24, nakili vilevile.

Tarehe. Rimoti nyingi zinaanza na mwezi, alafu siku, alafu mwaka. Tarehe 5 Agosti inaingia 08/05. Ukiandika 05/08 umeipeleka Mei 8, na anga ya Mei sio ya Agosti, imehama karibu robo nzima ya duara. Baada ya tarehe 12 ya kila mwezi rimoti itakataa yenyewe maana hakuna mwezi wa 13, ila zile siku 12 za mwanzo inapokea tu na inakaa kimya.

Majira. Tanzania, Kenya na Uganda ni +3. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ni +2. Wakikuuliza kuhusu saa za kiangazi, daylight saving, jibu ni hapana, au chagua Standard Time.

Mahali. Dar es Salaam ni nyuzi 6 dakika 48 kusini, nyuzi 39 dakika 17 mashariki. Nairobi ni 1° 17′ kusini na 36° 49′ mashariki. Arusha 3° 22′ kusini, 36° 41′ mashariki. Kampala 0° 19′ kaskazini, 32° 35′ mashariki. Namba zikiwa sawa ila herufi ikawa N badala ya S, au W badala ya E, umeharibu vilevile. Angalia herufi mara mbili.

Umefanikiwa ukiona: ukiiambia rimoti ikuonyeshe kilichopo angani sasa hivi, inakutajia nyota ambazo kweli unaziona kwa macho. Ikikupendekezea nyota ambayo iko chini ya ardhi, rudi kwenye tarehe.

## Hatua ya 3: Hemisfia, yaani uko kaskazini au kusini ya ikweta

Kwa wenye EQ na treka. Ukiwa kusini ya ikweta mhimili unaelekea kusini na mota inazunguka kinyume na ile ya Ulaya. Kwenye treka kuna swichi au setingi ya N na S. Kwenye NexStar ni EQ South.

Sababu yake: ukitazama kaskazini anga linazunguka kinyume na mishale ya saa, ukitazama kusini linazunguka kufuata mishale ya saa. Mota lazima ifuate upande huohuo.

Kipimo chake ni rahisi na hakikosei. Piga picha ya sekunde 20 mota ikiwa imezimwa, alafu nyingine ya sekunde 20 mota ikiwa imewashwa. Mistari ikipungua, upande ni sahihi. Ikiwa mirefu mara mbili ya ile ya mota iliyozimwa, umeweka hemisfia ya kinyume, kwa sababu sasa nyota zinakwenda huku na mota inakwenda kule.

Wa Kampala na wa Nairobi mnaweza kuchagua upande wowote ulio wazi, maana kwenu ncha zote mbili ziko karibu kabisa na upeo. Ila ukishachagua, mhimili na swichi vikubaliane.

## Hatua ya 4: Kuisimamisha maunti

Ya Alt-Az. Sawazisha kwa pimamaji, alafu fanya alainmenti ya nyota mbili, yaani unazilenga moja moja na kuziweka katikati ili rimoti ijue anga limekaaje. Chagua nyota zilizo mbalimbali, moja mashariki na moja upande wa kusini au kaskazini kwa mfano, zote zikiwa kati ya nyuzi 25 na 65 juu ya upeo. Usichague iliyo utosini. Hapo juu kabisa kosa dogo la kushoto-kulia halionekani, rimoti inadhani umepatia kumbe hujapatia. Ukimaliza, iambie iende nyota ya tatu. Ikiingia ndani ya lenzi, umemaliza.

Ya EQ. Mhimili unatakiwa kuinuka kwa nyuzi sawa na latitudo yako, yaani nyuzi ulizo mbali na ikweta. Dar karibu 7, Mombasa 4, Nairobi ni moja na kitu. Sasa maunti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa nyuzi 40 na 50, HEQ5 ya Sky-Watcher kwa mfano skeli yake inaishia chini kwenye 10. Ukilazimisha bolti kushuka zaidi unaipinda au unaivunja, usilazimishe.

Cha kufanya ni kuinamisha tripodi yenyewe. Weka mguu mmoja upande wa kaskazini, uinue taratibu mpaka kichwa kizima kiinamie kusini kwa zile nyuzi zilizobaki. Kwa Dar ni nyuzi 3 na kidogo tu. EQ haihitaji tripodi iwe sawa na pimamaji, inachohitaji ni mhimili uelekee pale panapotakiwa, kwa hiyo usiogope ukiona imeinama. Ogopa kuanguka: fungua miguu yote kabisa, ninginiza mfuko wa mchanga katikati, alafu kabla ya kuwasha zungusha fimbo ya uzito, ile inayobeba uzito wa kusawazisha darubini, kwa mkono duara zima uone haigongi mguu wa tripodi. Kwa latitudo zetu fimbo inalala chini sana na kugonga ni jambo la kawaida. Ikigonga, geuza tripodi ili fimbo ipite katikati ya miguu miwili.

Kama bado hujanunua, angalia kwanza kiwango cha chini cha latitudo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Inauma kuona mtu katumia akiba yake yote kwenye maunti ambayo haishuki mpaka kwake.

Mwisho elekeza mhimili kusini kwa dira. Usihangaike na nyota ya ncha ya kusini, Sigma Octantis. Ni hafifu sana, na kwetu iko chini kwenye ukungu wa upeo, haisaidii. Programu zinazotaka kupiga picha ncha yenyewe nazo hapa hazifai.

## Hatua ya 5: Chagua mwendo kulingana na unachokitazama

Sasa tumefika kwenye modi zenyewe. Kipimo tutakachotumia ni sekunde ya tao. Nyuzi moja ina 3600 za hizo.

Sidereal, mwendo wa nyota. Dunia inamaliza mzunguko wake ukilinganisha na nyota kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, sio 24 kamili. Kwa hiyo maunti inakwenda sekunde za tao 15.04 kila sekunde. Tumia hii kwa nyota, vishada, nebula, galaksi, Njia Nyeupe, na sayari pia. Mshtarii, Zohali na Mirihi zinahama katikati ya nyota polepole mno kiasi kwamba kwa usiku mmoja huhitaji modi nyingine. Kinachokubana kwenye Mshtarii ni mzunguko wake wenyewe, unajizungusha chini ya saa 10, kwa hiyo video zako ziwe za dakika 2 mpaka 3, ukizidisha yale mabaka yanaanza kufutika hata kama maunti iko sawa kabisa.

Lunar, mwendo wa Mwezi. Karibu 14.69 kwa sekunde. Mwezi unarudi nyuma kuelekea mashariki wakati nyota zinakwenda magharibi. Ukiuacha kwenye Sidereal, baada ya saa moja na nusu hivi utakuwa umehama upana wake mzima. Kwa kutazama tu na lenzi ya kawaida hutaona tofauti haraka, lakini ukikuza kreta moja utaiona inakukimbia. Jua pia kwamba namba hii ni wastani tu, na Mwezi una mwendo wake wa kaskazini-kusini ambao modi hii haiujui, kwa hiyo kubonyeza kidogo kila baada ya dakika kadhaa ni kawaida, usidhani umekosea.

Solar, mwendo wa Jua. 15.00 kamili, maana siku ya Jua ni masaa 24. Tofauti yake na Sidereal ni ndogo, 0.04 kwa sekunde. Tutairudia.

King. Iko kwenye baadhi ya maunti, 15.037, inarekebisha namna hewa inavyopinda mwanga. Tofauti yake na Sidereal kwa dakika tano nzima ni kama sekunde moja ya tao. Kwa vifaa tulivyonavyo wengi wetu, iache.

Nusu mwendo. Kwenye treka imeandikwa 0.5x. Ni ya picha zenye ardhi na anga pamoja, mbuyu na Njia Nyeupe juu yake. Kwa mwendo kamili mbuyu unatoka na ukungu, kwa nusu mwendo unagawanya huo ukungu, kidogo kwa nyota kidogo kwa mti, na kwa lenzi pana hakuna anayeuona. Kwa nyota peke yake usiitumie.

Sasa ona gharama ya kusahau. Chukua lenzi ya milimita 400 na kamera yenye pikseli za maikromita 3.76, kila pikseli inaona karibu sekunde 1.9 za tao. Ukipiga nebula kwa Lunar, kila sekunde unachelewa kwa 0.36, dakika moja ni 21, yaani nyota imevutwa pikseli 11. Mstari kabisa. Ukipiga kwa Solar, dakika moja ni pikseli moja na kitu, huoni, unafurahi, unaongeza mpaka dakika 5 na ghafla ni pikseli 6. Ndo maana Solar ndio kosa baya zaidi, linajificha kwenye picha za majaribio na linatokea kwenye picha ya kweli.

Kanuni ya kujiwekea: ukimaliza Mwezi au Jua, rudisha Sidereal hapohapo kabla hujafungua kitu kingine. Andika kwenye daftari modi uliyoachia.

### Jua, na tahadhari yake

Filta inakaa mbele ya darubini, imefungwa kwa utepe wa gundi hata kama inaonekana imekaza, upepo wa mchana haubembelezi. Ile darubini ndogo ya kutafutia ifunike kabisa au iondoe. Vile vifilta vidogo vya kuskrubu kwenye lenzi ya jichoni vitupe, vinapasuka kwa joto na jicho halirudi.

Mchana hakuna nyota za kupangia mhimili, na dira peke yake inaweza kukosea nyuzi 3. Kosa hilo linaweza kukuhamisha sekunde za tao 47 kwa dakika, wakati kubishania Solar au Sidereal ni sekunde 2 na nusu tu kwa dakika. Kwa hiyo panga mhimili usiku uliotangulia, weka alama za chaki au rangi pale miguu ya tripodi iliposimama, asubuhi uirudishe palepale. Fanya mazoezi haya mapema kwa ajili ya tarehe 2 Agosti 2027, kupatwa kamili kutapita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na sisi wa Kenya na Tanzania tutaliona Jua likiliwa kwa sehemu. Kwetu filta haitoki hata dakika moja.

## Hatua ya 6: Kunyoosha mhimili bila kuona ncha

Kwa wenye EQ. Kama unatumia kompyuta, programu ya N.I.N.A. ina nyongeza ya alainmenti ya pointi tatu inayofanya kazi sehemu yoyote ya anga, na Ekos nayo inaweza, tumia hizo umalize mapema. Kama huna, njia ya kuangalia nyota inavyohama ni ya uhakika, na sisi tuna bahati yake: ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, inapita karibu na utosi wetu, ambako hewa ni safi.

Weka Sidereal. Zima kamera ya kuongoza kama unayo, ile ndogo inayoangalia nyota moja na kurekebisha mota.

Kushoto-kulia kwanza. Tafuta nyota yenye deklinesheni (nyuzi zake kutoka ikweta ya anga) karibu na sifuri, iliyo juu, karibu na mstari unaotoka kaskazini kwenda kusini ukipitia utosini. Kuanzia Disemba mpaka Machi tumia Mintaka, ile ya ukingoni kwenye mkanda wa Jabari, iko kama theluthi moja ya nyuzi kusini ya ikweta ya anga. Aprili mpaka Juni tumia Porrima ya kundi la Mashuke. Baada ya hapo, Sadalmelik ya Ndoo.

Iweke katikati ya lenzi yenye nguvu. Kujua kusini iko wapi ndani ya lenzi, sukuma darubini kidogo sana kuelekea kusini, upande nyota inakokimbilia ndio kaskazini. Rudisha katikati, subiri dakika 5. Mwendo wa mashariki-magharibi usiujali, angalia kaskazini-kusini tu.

Kwa sisi wa kusini ya ikweta, ambao mhimili wetu umeelekea kusini:

- Nyota ikihamia kusini, mhimili uko magharibi mno, usogeze mashariki.
- Nyota ikihamia kaskazini, mhimili uko mashariki mno, usogeze magharibi.

Juu-chini baadaye. Tafuta nyota nyingine ya deklinesheni karibu na sifuri, sasa iwe mashariki, nyuzi 20 mpaka 30 juu ya upeo.

- Ikihamia kusini, mhimili uko juu mno, shusha.
- Ikihamia kaskazini, mhimili uko chini mno, pandisha.

Ukielekeza mhimili kaskazini, yote manne yanageuka. Na ukichanganyikiwa, ambayo inatokea sana saa sita za usiku, zungusha skrubu kidogo upande mmoja na uangalie tena: nyota ikipunguza kasi endelea, ikiongeza rudi upande wa pili.

Rudia kushoto-kulia mara moja zaidi, maana kugusa juu-chini kunatikisa ile ya kwanza.

Umefanikiwa ukiona: kwa dakika 5 nyota haijahama kaskazini wala kusini kwa kiasi unachoweza kukiona. Kwa kutazama tu, hata dakika 2 zinatosha.

Na usijitese bila sababu. Ukiwa na treka na lenzi ya milimita 24, ile dira iliyokosea nyuzi 3 inakuhamisha kama pikseli moja na nusu kwa dakika, kwa hiyo ekspoja (muda kamera inapokea mwanga kwa picha moja) za dakika moja zitatoka vizuri bila hii hatua yote. Kwa milimita 400 kosa lilelile ni pikseli 24, hapo huna namna.

## Hatua ya 7: Picha kwa maunti ya Alt-Az, na zawadi ya ikweta

Mnaambiwa kila mahali kwamba Alt-Az haifai kwa picha. Huko walikoandika hivyo ni kweli kwa sehemu kubwa ya anga lao, huku kwetu ni nusu tu ya kweli, na hii naomba muisome taratibu.

Alt-Az inaishika nyota ya katikati, lakini fremu inabaki imesimama kufuata ardhi wakati anga linazunguka, kwa hiyo nyota za pembeni zinachora vitao. Kasi ya huko kuzunguka inategemea unatazama wapi. Kwa mtu aliye karibu na ikweta, ukitazama kaskazini au kusini ni mbaya kuliko kawaida, ila ukitazama mashariki au magharibi inashuka karibu na sifuri.

Mfano wa Dar. Nebula ya Jabari, M42, inachomoza karibu mashariki kabisa na inapanda wima. Ikiwa nyuzi 45 juu, fremu inazunguka chini ya nusu nyuzi kwa saa nzima. Hiyo ni kama hakuna. Ikifika nyuzi 70 ni kama nyuzi 2 kwa saa, bado unafanya kazi. Ikifika 80 imeruka mpaka 11, na hapo utosini maunti yenyewe inaanza kukimbiza mota ya kushoto-kulia kama imepagawa, acha.

Linganisha na Nebula ya Carina, iko kusini, kwetu haipandi zaidi ya nyuzi 37. Ikiwa hapo juu kabisa fremu inazunguka karibu nyuzi 19 kwa saa. Kwa hiyo Carina kwa Alt-Az piga ekspoja fupi, sekunde 8 au 10, nyingi sana, programu ya kuunganisha picha itazigeuza yenyewe, ila ujue pembe za picha utazikata.

Ratiba nzuri basi: vilivyo mashariki piga vikiwa kati ya nyuzi 30 na 70, vikikaribia utosini pumzika au hamia kingine, alafu virudie vikishuka magharibi.

Wenye EQ nanyi utosi unawahusu. Vitu vyetu vingi vizuri vinapita juu kabisa, na darubini ndefu inaweza kugonga tripodi hapo. Weka kikomo kwenye rimoti au programu, na kitu kikivuka ule mstari wa kaskazini-kusini geuza maunti upande wa pili kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 8: Jaribio kabla ya kupiga za kweli

Piga sekunde 30, kuza asilimia 100, angalia nyota za katikati na za pembe nne. Alafu dakika 1, alafu 2. Usianze na dakika 5.

- Duara katikati, duara pembeni: endelea.
- Mistari ya upande mmoja, kila picha sawa, inaelekea mashariki-magharibi: mwendo sio sahihi. Angalia Lunar na Solar kwanza.
- Mistari mirefu kuliko mota iliyozimwa: hemisfia.
- Mistari inaelekea kaskazini-kusini: mhimili, rudi hatua ya 6.
- Vitao pembeni, katikati safi: ni Alt-Az na uelekeo unaotazama.
- Picha kadhaa safi, kadhaa mbovu, alafu safi tena, kwa kujirudia: hiyo ni gia. Kwenye HEQ5 skrubu ya gia inamaliza mzunguko kwa dakika 10 na nusu hivi, EQ6 kwa dakika 8. Fupisha ekspoja na utupe mbovu, au ongeza kamera ya kuongoza pamoja na programu yake ya PHD2, ambayo ni ya bure. Ukiongoza, mwendo wa msingi unabaki Sidereal.
- Kuruka ghafla upande wowote: upepo, kebo iliyonasa, au betri. Pima volti wakati mota inafanya kazi, sio ikiwa imezimwa.

Kitu cha mwisho cha EQ ni mizani. Sawazisha darubini na uzito mpaka ikae popote unapoiachia, alafu sogeza uzito kidogo sana ili upande wa mashariki uwe mzito. Meno ya gia yatabaki yamegusana muda wote badala ya kucheza huku na huku. Ukishavuka ule mstari na kugeuza maunti, upande mzito nao umegeuka, kwa hiyo sogeza uzito tena.